Mtoto Ameshashiba

Mwanamwema alikuwa hajamaliza ziwa la kushoto mtu alipogonga mlango wa choo. Alijibu kwamba kuna mtu, akaendelea kuibana pampu ya mkono huku akijaribu kumfikiria mtoto, kama alivyoshauriwa, ili maziwa yashuke. Mlango ukagongwa tena. Choo kilikuwa kimoja kwa wagonjwa wote wa maabara, na asubuhi ndiyo saa ya watu kuja kujaza vikopo. Akafunga blauzi, akaificha chupa chini ya mtandio, akafungua. Mzee mmoja aliyevaa koti alikuwa amesimama na kikopo chake kitupu mkononi. Aliiona chupa, akageuza uso ukutani kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Pole, mama," mzee alisema.

Neno hilo lilimuuma Mwanamwema kuliko kugongewa mlango, kwa sababu lilisemwa kwa huruma. Alirudi kwenye meza ya mapokezi, akaketi, akaanza kuita majina.

Maabara ilikuwa Kinindo, na nyumbani kwake ni Ngagara, ng'ambo nyingine ya mji. Alikuwa na haki ya saa moja ya kunyonyesha kila siku, na Monsieur Valéry, mwenye maabara, hakumnyima. Lakini tangu petroli iwe ya kutafutwa mjini, saa moja haikumtosha hata kupata basi la kwenda, sembuse kurudi. Juma la kwanza alijaribu. Kila aliporudi aliwakuta wagonjwa wamejaa barazani, na Monsieur Valéry hakumfokea. Alimuuliza tu mbele yao, kwa sauti ya upole, kama mtoto wake amekula vizuri. Siku ya tatu Mwanamwema akaacha kwenda nyumbani, akaanza kukamua.

Ikabaki shida ya mahali pa kuweka chupa. Joëlla, ambaye kazi yake ni kuchukua damu, alisema hawezi kula chakula kilichokaa frigo moja na kitu kilichotoka mwilini mwa mtu. Alisema hivyo yeye ambaye kutwa mikono yake ilikuwa katika damu za watu. Monsieur Valéry aliamua chupa zikae chini kabisa, kwenye droo ya mboga, zimefungwa kitambaa ili mtu asizione. Mwanamwema alishukuru. Njiani kurudi alijiuliza alikuwa akishukuru nini.

* * *

Nyumba yao ilikuwa ya marehemu baba mkwe, yenye vyumba vilivyozunguka ua mmoja. Upande mmoja aliishi Mwanamwema na mumewe Radjabu, na mtoto wao wa kwanza, Faridi, aliyekuwa bado hajaota jino. Upande wa pili aliishi Obeid, kaka yake Radjabu, pamoja na mkewe Alya. Katikati, karibu na jiko, kilikuwa chumba cha Bi Sumaya, mama yao. Bi Sumaya ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba Mwanamwema arudi kazini bila wasiwasi, mtoto atabaki naye. Duka la vipuri la akina Radjabu lilikuwa limebaki na rafu tupu, kwani dola za kuagizia mali hazikupatikana. Mshahara wa Mwanamwema ndio ulioleta mchele na mkaa katika nyumba ile, ingawa hakuna aliyelitamka jambo hilo, na yeye pia alijizuia kulitamka.

Kila jioni alifika na miguu imevimba na kifua kimejaa, akampa Bi Sumaya mfuko wa chupa kwa ajili ya kesho, akanawa haraka, akamchukua mtoto. Na kila jioni Bi Sumaya alimwambia neno lile lile.

"Mutoto ameshashiba."

Mwanzoni lilimfurahisha. Baadaye aliona kwamba Faridi hashiki ziwa kama zamani. Alilichezea, akalivuta mara mbili, akaliachia na kulia huku amekunja mgongo. Usiku alinyonya kidogo, akiwa nusu usingizini, kisha akalala. Mwanamwema alidhani maziwa yake yamekuwa mepesi kwa ajili ya kazi na kutembea. Akaanza kunywa uji wa ulezi asubuhi na jioni, akala mboga mpaka akazichoka. Alimweleza Radjabu. Radjabu alikuwa anatazama simu, akasema watoto wakikua hubadilika, asijitese. Mwanamwema aliridhika na jibu hilo. Hakuwahi kufikiri kwamba mumewe angeweza kumficha jambo.

Mtu ambaye Mwanamwema alimweleza yote alikuwa Alya. Alya alijifungua binti wiki chache baada ya Faridi kuzaliwa, na yule binti hakumaliza siku mbili. Baada ya mazishi Alya alijifungia chumbani, hali, hasemi, na kila aliyempelekea chakula alirudi nacho. Siku Mwanamwema anarudi kazini, Alya hakutoka hata kumuaga. Halafu taratibu akaanza kuonekana uani. Akaanza kuoga mapema, kusuka nywele, kupika. Siku moja Mwanamwema alimsikia akicheka jikoni, akasimama mlangoni na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Alimnunulia kitenge.

Kwa hiyo, jioni moja ziwa lake la kulia lilipovimba na kuwa gumu kama jiwe, alikwenda kwa Alya. Alya alichemsha maji, akachovya kitambaa, akamkanda polepole mpaka uvimbe ukalegea. Mwanamwema alimsimulia kuhusu choo, mzee wa kikopo, droo ya mboga. Alya alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza kumkanda alibaki ameshika kile kitambaa, kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu akaenda kukikamua nje. Mwanamwema alifikiri anamkumbuka mwanawe, akajilaumu kwa kuzungumza habari za maziwa mbele yake.

* * *

Siku ambayo mambo yalifumuka, umeme ulikatika Kinindo tangu alfajiri. Mashine ya umeme ya maabara haikuwa na mafuta ya mazuti, na mashine za kupimia hazifanyi kazi kwa maneno matupu. Kabla ya adhuhuri Monsieur Valéry aliwaambia wote warudi nyumbani. Mwanamwema aliona kama amepewa zawadi. Alikuwa hajakamua, kifua kilikuwa kinamchoma, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kukamua angemnyonyesha mtoto mchana, mwenyewe, bila chupa. Alitembea hadi katikati ya mji, na hapo akabahatika kukutana na jirani mwenye gari aliyekuwa anaelekea Ngagara.

Aliingia kwa mlango wa uani. Bi Sumaya alikuwa ameinama penye mfereji wa maji machafu, anamimina chupa. Mwanamwema aliitambua. Ilikuwa ya jana, ile aliyoikamua kwa awamu tatu kwa sababu watu walikuwa wanagonga.

"Yameharibika, mama?"

Bi Sumaya alishtuka, chupa ikamponyoka. "We umerudi saa hizi?"

"Umeme hakuna. Yameharibika?"

 Mkwewe aliokota chupa, akaanza kuisuuza kwa bidii isiyohitajika. Mwanamwema aliuliza mtoto yuko wapi. Bi Sumaya alisema amelala, lakini macho yake yalikimbilia upande wa pili wa ua, na kutoka upande huo ilisikika sauti ya mwanamke akiimba kwa kunong'ona. Mwanamwema aliweka mkoba wake chini, akavuka ua. Nyuma yake Bi Sumaya aliita jina lake mara moja tu, bila kupaza sauti.

Pazia la chumba cha Alya lilikuwa limeteremshwa. Alilisogeza. Alya alikuwa amelala ubavu kitandani, kanga imefunguliwa begani, na Faridi amelala ubavu mbele yake, ananyonya. Kiganja cha Alya kilikuwa kimeushika unyayo wa mtoto. Faridi alisikia hatua, akaachia, akageuka. Alimwona mama yake, akamchekea kwa mdomo uliojaa maziwa. Kisha akageuka tena na kuendelea kunyonya.

Alya alikaa kitako, akajifunika.  Mwanamwema alimchukua mtoto, na mtoto akapiga kelele. Alipotoka naye hadi uani, blauzi yake ilikuwa imelowa pande zote mbili.

* * *

Bi Sumaya alimketisha kwenye mkeka na kumweleza, bila kuficha tena. Juma lile la kwanza Faridi alikataa chupa. Alilia mpaka sauti ikakauka, akawa anatapika kila alichonyweshwa. Upande wa pili wa ua Alya alikuwa analowesha nguo. Vidonge alivyopewa vya kukausha maziwa havikumsaidia, na kila alipomsikia mtoto akilia maziwa yalimwagika yenyewe. Mtu mmoja na njaa, mwingine na maziwa, ua katikati. Bi Sumaya alisema hakuweza kuvumilia. Alimchukua mjukuu wake kwa mikono yake, akampeleka.

"Mutoto akanyamaza," alisema. "Na Alya siku ile akakomboka, akaomba chakula. Mi ni mama yenu wote, Mwanamwema. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia, mama. Ningerudi jioni, ungeniambia."

Bi Sumaya alisema walitaka kumwambia. Lakini Obeid alisema wasubiri kwanza Alya apone. Ndipo Mwanamwema alipojua kwamba Obeid alikuwa anajua. Aliuliza nani mwingine. Mkwewe alijibu polepole, kama anayetoa miba. Obeid alipaswa kuombwa ruhusa, kwani Alya ni mkewe. Wakamuuliza na shehe wa mtaa, kwa sababu jambo la kunyonyesha lina hukumu zake, na shehe akasema hakuna ubaya, ila wajue kwamba mtoto akishanyonya vya kutosha, yule aliyemnyonyesha ni mama yake wa kunyonya, na hilo halifutiki tena. Na shehe akasisitiza kwamba lazima wazazi wa mtoto waridhie.

"Wazazi," Mwanamwema alisema.

"Radjabu aliridhia. Siku ile ile."

Mtoto alikuwa bado analia mapajani mwa Mwanamwema, anasukuma ziwa kwa ngumi. Mwanamwema alikumbuka siku zote alizojikunja chooni, harufu ya mikojo ya watu, Joëlla akifungua frigo kwa vidole viwili. Aliuliza sasa kwa nini walimwacha aendelee kukamua.

Bi Sumaya aliangalia chini. "Ungeacha kukamua, ungeuliza mutoto anakula nini. Na ungejua, labda ungeacha kazi."

Hapo hapakuwa tena na cha kuuliza. Walihitaji akae kazini, na walihitaji mtoto abaki kwa Alya, na chupa zile zilikuwa za kumtuliza yeye.

* * *

Radjabu alirudi baada ya alasiri. Inaelekea mama yake alikuwa amempigia simu, kwa maana aliingia akiwa ameshaandaa uso. Alisalimia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema anajua amekasirika na ana haki. Akaeleza jinsi Obeid alivyokuwa akilia dukani siku zile, mwanamume mzima nyuma ya rafu, akiogopa mkewe atakufa kwa kutokula. Ndugu yake wa damu. Akasema kwamba kila siku alipanga kumwambia, na kila siku alimwona amechoka.

Mwanamwema alimsikiliza hadi mwisho. Siku zote alimwita Baba Faridi.

"Radjabu," alisema, "nilikuambia maziwa yangu yamekuwa mabaya. Nikakuambia mutoto ananikataa. We ukaniambia nisijitese."

"Sikutaka uumie."

"Nilikuwa naumia."

 Radjabu akauliza kitu ambacho yawezekana alikuwa amekitunza tangu mwanzo kama ngao. "Sasa niambie kweli. Wangekuuliza, ungekubali?"

Mwanamwema alifikiri. Alimfikiria Alya wa siku zile, midomo imepasuka, macho ukutani. "Ningekubali," alisema. "Alya angeniomba yeye mwenyewe, ningekubali. Ningelia, lakini ningekubali."

Uso wa Radjabu ulifunguka. "Basi kama ungekubali, shida iko wapi?"

Alimtazama mumewe kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anangojea jibu kwa nia njema kabisa, na Mwanamwema akaona kwamba hata akimweleza mpaka kesho, hataelewa. Alimwinua mtoto begani, akatoka kwenda kukaa uani.

* * *

Alimpigia simu Monsieur Valéry kusema mtoto ni mgonjwa, akabaki nyumbani. Alikusudia kumrudisha mwanawe kwenye ziwa lake, yeye peke yake, bila msaada wa mtu. Alifunga mlango. Faridi alilia. Alimpa ziwa ameketi, amesimama, anatembea naye. Mtoto alishika, akavuta, akakumbuka kwamba siye, akaachia. Maziwa yenyewe yalikuwa yamepungua, kwani pampu ya haraka haraka haiwezi kazi ya mtoto. Alijaribu chupa, mtoto akaitema. Alijaribu kwa kijiko, kikamwagika shingoni. Bi Sumaya alipita mlangoni mara kadhaa bila kubisha. Ng'ambo ya ua hapakusikika kitu chochote. Alya alikuwa amefunga dirisha lake, na kanga mbili zilizolowa kifuani zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba.

Siku ya pili, jua likiwa limepanda, sauti ya Faridi ilianza kukauka. Haikuwa tena kilio cha hasira. Mwanamwema aliogopa. Wakati huo ndipo Alya alipokuja kusimama nje ya mlango.

"Siingii," alisema. "Nataka nikuambie tu. Hapendi ukimpa umekaa. Mulaze ubavu, na we ulale. Aanze kushoto. Halafu mushike mguu, ule wa juu, usiufinye. Ndiyo anatulia."

 Mwanamwema alikaa akitazama ule mlango uliofungwa. Kisha akalala ubavu, akamlaza mtoto mbele yake, akampa la kushoto, akaufunika unyayo wake mdogo kwa kiganja. Faridi alihangaika, akatafuta, akashika. Alivuta kwa nguvu, macho yakaanza kufumba, na baada ya kitambo maziwa yakashuka kwa kuchoma, kama zamani. Alikuwa mama yake, na alikuwa amefundishwa na mwanamke mwingine jinsi mwanawe anavyopenda kunyonya. Alilia bila sauti ili asimshtue.

Mtoto aliponyonya yote yaliyokuwepo na kuanza kutafuta zaidi, alifungua mlango. Alya alikuwa bado pale, amekaa chini, mgongo ukutani.

"Nilitaka kukuambia siku ile nakukanda," Alya alisema.

"Najua. Nilikuona."

"Utamuondoa hapa?"

Mwanamwema alikuwa amelifikiria hilo pia. Mama yake mzazi aliishi Gatumba, katika nyumba iliyobaki na alama ya mafuriko ukutani. Kutoka huko asingefika Kinindo kwa wakati. Angepoteza kazi, na mtoto angebaki na njaa ile ile. Alimtazama Alya, kifua chake kimelowa, mikono imelala mapajani kwa nguvu kama imekatazwa kuinuka. Hakumwonea chuki. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemwonea.

"Mchana mnyonyeshe," alisema. "Jioni na usiku ni wangu, na mtu asimguse. Na we usinikande tena, hata nikivimba. Usiniguse."

Alya aliitikia kwa kichwa. Mwanamwema akampa mtoto, akabaki amesimama pale pale, akiangalia mpaka alipoanza kumeza.

* * *

Alirudi kazini. Aliendelea kukamua chooni, kwa kuwa hakutaka maziwa yamkauke na mtoto amkose jioni. Joëlla aliona droo ya mboga imebaki tupu, akauliza kama mtoto ameachishwa. Mwanamwema alisema hapana. Chupa alizimwaga mwenyewe kwenye sinki kabla ya kufungua mlango. Kama ni ya kumwagwa, aliyekamua ndiye atakayemwaga.

Nyumbani Bi Sumaya aliacha kumwambia kwamba mtoto ameshiba. Alimpikia vizuri, akamwita mwanangu mara nyingi kuliko zamani, na Mwanamwema alimjibu kwa adabu, kwa maneno machache. Siku ya mshahara alinunua mchele na mkaa kama kawaida, na godoro moja dogo. Alilitandika kwenye chumba cha kuwekea masanduku, akahamia humo na Faridi.

Radjabu alivumilia siku kadhaa. Jioni moja, baada ya kusali magharibi, alimfuata kwenye mlango wa kile chumba. Mtoto alikuwa amelala ubavu ananyonya, na Mwanamwema ameufunika mguu wake kwa kiganja. Radjabu alizungumza kwa sauti ya chini. Alisema watu wa nyumbani wameanza kuona, alisema amekosa na ameshakiri, akauliza atarudi chumbani kwake lini.

Mwanamwema hakugeuza kichwa.

"Kamuulize mama," alisema. "Umuulize na Obeid. Halafu mwende kwa shehe. Mukishakubaliana wote, ndiyo mutaniambia."

Radjabu alibaki amesimama mlangoni. Mtoto alimaliza upande wa kushoto, na Mwanamwema akamgeuza.